Jibu: Daktari kaninyima antibiotiki, bakteria si waniue?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, una mafua siku ya tatu, umeomba antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) ukanyimwa, na unauliza kwa nini bakteria mwilini wasiuawe tu wote.

Angalia kwanza ugonjwa umeletwa na nini. Mafua ni virusi, na antibiotiki haigusi virusi hata umeze pakiti nzima. Bakteria ni kiumbe cha seli moja kinachojigawa chenyewe, na mmoja wao aitwaye E. coli akipata joto na chakula hugawanyika kila dakika 20 hivi (kiporo kilicholala mezani kikumbushe hilo).

Wapo wauaji kweli: wa kifua kikuu, ambaye daktari Mjerumani Robert Koch alimtambulisha mwaka 1882, wa kipindupindu, wa pepopunda. Kwa kifua kikuu, kwa mfano, dozi humalizwa hata ukijisikia umepona. Lakini wengi walio kwenye utumbo mpana ni wapangaji wanaolipa kodi: hutengeneza vitamini K na kuwabana wageni wabaya wakose nafasi.

Mimi nilijifunza kwa tabu. Nilimeza antibiotiki zilizobaki za mtu mwingine kwa mafua kama hayo yako. Mafua yaliisha kwa wakati wake, nami nikaongezewa kuhara siku nne. Dawa ilifyeka magugu na mazao pamoja.

Pumzika, kunywa maji. Homa ikishuka kisha ikarudi kwa nguvu, au ukipumua kwa shida, rudi kwa daktari upesi: huenda bakteria wamedandia, na safari hiyo jibu lake linaweza kubadilika.