Kuku wanne, jogoo mmoja, na hamu ya vifaranga

Kila mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba hufika siku akaacha kukaanga mayai na kuanza kuyaweka. Ukifika hapo watu wawili watakushauri: mmoja atakwambia ununue mashine ya kutotoleshea, mwingine atakwambia uwaache kuku wafanye mambo yao. Mimi niko karibu zaidi na huyo wa pili, ila kuna kazi yako kabla kuku hajakaa, na kazi kubwa zaidi vifaranga wakishatoka. Zile siku 21 za katikati, za kuatamia, ndizo unazotakiwa kufanya kidogo, na ndizo wengi huhangaika nazo.

Mashine niimalize mapema. Inataka joto la nyuzi 37.5 hivi mchana na usiku, maji ya kuleta unyevu, mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku hadi siku ya 18, na umeme usiokatika. Huku kwetu Kibaha, msimu wa mvua, hilo la mwisho peke yake linatosha kukukosesha usingizi. Mwenye kuku wengi wanaotaga na wateja wa vifaranga, sawa, anunue. Wewe mwenye wanne, koo mmoja, yaani kuku jike mzazi, anakutosha, na hadai luku ya umeme.

Ila awe kuku wa kienyeji. Kuku wa mayai wa kisasa wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi hamu ya kuatamia ikawatoka, na machotara kama Sasso na Kuroiler nao mara nyingi hutaga wakaondoka zao. Mayai ya chotara unaweza kumwekea koo wa kienyeji na akayaangua vizuri, lakini usitegemee watoto wawe kama wazazi. Ukubwa wa chotara ulitokana na kuchanganya mbegu, na kizazi kinachofuata hutoka kila mmoja na lake.

Jogoo mmoja mwenye afya anawatosha mitetea wanane hadi kumi. Ukimleta leo, mpe wiki nzima kabla hujaanza kuweka mayai. Na kama umebadilisha jogoo na unataka uzao wa huyu mpya tu, subiri wiki tatu, maana mtetea huhifadhi mbegu mwilini wiki mbili na zaidi, hata kama jogoo mwenyewe alishaishia kwenye pilau.

Sasa mayai. Hapa ndipo vifaranga wengi wanapopotea, na lawama anabebeshwa kuku. Yai lenye mbegu huanza kukua taratibu likipata joto la nyuzi ishirini na kitu, na likikua nusunusu bila kuatamiwa, mtoto hufia ndani. Chumba chenye paa la bati huku Pwani, mwezi wa pili, kinapita nyuzi 30 mchana bila shida. Kwa hiyo okota mayai asubuhi na mchana, usiyaache yakalale bandani. Mimi huyaweka kwenye chungu kikavu kilichokalishwa juu ya beseni la mchanga wenye maji, uvunguni, kimefunikwa kitambaa chepesi. Chungu kinabaki na ubaridi na mayai hayaloani. Ncha nyembamba itazame chini. Usiyaoshe, kwa sababu ganda lina utando unaozuia vijidudu na maji yanauondoa. Yai lenye kinyesi liende jikoni, lenye ufa liende jikoni, lile kubwa kupita kiasi ambalo huenda lina viini viwili nalo jikoni. Lililozidi siku saba pia. Linaweza kutoa kifaranga, lakini kila siku inayoongezeka inakula bahati yako. Andika tarehe kwa penseli, usitumie kalamu ya wino.

Kuku anayetaka kuatamia hahitaji kubahatishwa. Hatoki kwenye kiota hata usiku, anavimbisha manyoya ukimsogelea, sauti inageuka kuwa kroo-kroo-kroo, na ukimpapasa kifuani unakuta ngozi tupu yenye joto. Mjaribu kwanza kwa mayai mawili usiyoyajali. Akishikilia siku mbili, ondoa hayo na umwekee mazuri yote kwa pamoja, gizani, asikuone vizuri. Kumi hadi kumi na tatu kulingana na mwili wake. Ukiona yai linachungulia nje ya bawa, umezidisha.

Kiota kiwe boksi au kapu lenye kina, nyasi kavu, na majivu chini ya nyasi. Majivu si urembo. Utitiri ukimvamia koo aliyekaa, atavumilia siku kadhaa kisha atasusa, na mayai yatakuwa viza. Kuku havunji yai lake, wahenga walisema, lakini hawakusema kuhusu kuku anayenyonywa damu usiku kucha. Mkague chini ya mabawa na sehemu ya mkia kabla hajakaa, na kama ana wadudu mpulizie dawa ya unga ya kuku kutoka duka la mifugo. Kisha mtenge na wenzake. Asipotengwa, mitetea wengine watamtagia humohumo, na utakuwa na mayai ya umri tofauti ndani ya kiota kimoja. Zile alama za penseli zitakusaidia hapa: yai lisilo na alama, toa.

Mara moja kwa siku atatoka, atakula, atakunywa, ataoga vumbi, atatoa kinyesi kikubwa chenye harufu mbaya ajabu (usishtuke, ni kawaida ya koo), na atarudi baada ya dakika kama ishirini. Weka maji na mahindi au mtama karibu. Basi. Acha kumnyanyua kila saa kuwaonyesha watoto.

Siku ya saba, usiku, ingia na simu. Washa tochi, weka juu yake kile kiboksi cha duara cha katikati ya karatasi ya chooni, na ulikalishe yai juu yake upande mnene. Lenye uhai utaona doa jeusi na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Lisilo na mbegu linang'aa lote. Lililokufa mapema linaonyesha duara la damu bila mishipa. Ondoa haya mawili ya mwisho. Rudia siku ya 14. Safari hii lenye uhai limejaa giza, ila upande mnene kuna nafasi ya hewa. Baada ya siku ya 18 usiguse kitu.

Siku ya 20 ukiinama karibu utasikia vilio ndani ya maganda, na koo anavijibu kwa sauti ya chini. Kutoka kifaranga anapotoboa tundu la kwanza hadi atoke kabisa inaweza kupita siku nzima. Amepumzika, hajakwama. Ukimbandulia ganda kabla ya wakati utakuta mishipa bado ina damu na kiini hakijaingia tumboni, na utampoteza. Kile kiini ndicho chakula chake cha siku mbili tatu za mwanzo, ndiyo maana koo haharakishi kushuka, anawasubiri waliochelewa. Katika mayai 12 ukipata vifaranga 9, umefanya vizuri.

Na hapa ndipo shughuli inapoanza. Wiki nne za mwanzo baridi, mvua, paka, panya, mwewe na kunguru wanagawana vifaranga wako. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa pwani nzima, hawaogopi hata mtu aliyesimama mlangoni. Usimwache koo azurure na vifaranga wachanga. Wafunike kwa tenga kubwa mchana, ndani wakilala. Maji yawe kwenye sahani ya kina kifupi yenye kokoto, wasizame. Chakula cha vifaranga cha dukani kiwekwe mahali anapopenya kifaranga lakini koo hapiti, kwa mfano chini ya tenga jingine lililoinuliwa kwa matofali. La sivyo atakula yeye.

Chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle) usiiahirishe. Ile ya I-2, tone moja jichoni, inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ratiba ya vifaranga mwulize ofisa mifugo wa kata. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changeni na majirani na mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, gharama inakuelemea bure.

Ukizoea, jaribu kuwakalisha koo wawili kwa siku moja. Anayewahi mshikilie kwa mayai ya kudanganyia hadi mwenzake awe tayari. Vifaranga wakitoka, usiku uleule wahamishie wote kwa koo mmoja aliye mpole na mwenye mwili. Atawakubali asubuhi bila maswali. Yule mwingine anarudi kutaga mapema badala ya kutembea na watoto miezi miwili au mitatu.

Karibu nusu ya watakaotoka watakuwa majike na nusu madume, hilo huwezi kulipangia. Mapora, yaani majogoo machanga, yakianza kugombana, uza au chinja, na usimwache hata mmoja apande dada zake na mama yake. Badilishana na mtu wa mbali kidogo. Jogoo wangu wa sasa nilimpata kwa jamaa wa Mlandizi kwa kumpa pora wangu wawili, na kila mmoja wetu aliona amempunja mwenzake.