Ukienda makumbusho ya reli, chagua injini moja uielewe

Mgeni wa kawaida hupita injini ishirini kwa nusu saa, hupiga picha mbele ya kila moja, na akifika mlangoni zote zimeshachanganyika kichwani: nyeusi, kubwa, nzito. Fanya kinyume. Zunguka ukumbi mara moja kwa haraka, chagua injini moja ya mvuke, kisha ipe saa nzima. Ukishaielewa hiyo, zilizobaki utazisoma mwenyewe, maana tangu Rocket, injini ya Uingereza ya mwaka 1829, mpangilio wa msingi ni ule ule: moto, mabomba yaliyozungukwa na maji, silinda, magurudumu.

Kabla ya kuondoka nyumbani, uliza ni injini gani itawashwa siku hiyo na itaanza kazi saa ngapi. Makumbusho kuwa wazi si sawa na kuwa na injini yenye moto. Siku nyingi za wiki zote zimelala baridi. Kama ni msimu wa ukame, uliza pia kama ratiba inaweza kubadilika, kwa sababu cheche zinazotoka kwenye dohani huwasha nyasi kando ya reli. Waendeshaji wakiona hatari hiyo huweka injini ya dizeli badala ya ile ya mvuke, wakati mwingine asubuhi ile ile.

Usifike muda wa treni kuondoka. Boila kubwa, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, huwashwa saa nyingi kabla ya safari, pengine tangu jana yake, kwa kuwa chuma hutanuka kinapopata joto. Ikipashwa haraka, upande mmoja hutanuka kabla ya mwingine na mabomba huanza kuvuja kwenye maungio. Ukifika dakika 90 kabla ya safari ya kwanza utamkuta dereva ameshika mkebe wa oili, anapita kila kiungo kimoja kimoja, huku presha ikipanda taratibu. Huo ndio wakati wa kuuliza maswali. Ikibaki robo saa treni iondoke, hakuna mwenye nafasi ya kukujibu.

Sasa turudi ukumbini. Anza na magurudumu. Simama ubavuni, hesabu yale madogo ya mbele, kisha makubwa yaliyofungwa pamoja kwa vyuma, kisha madogo ya nyuma. Zidisha kila hesabu kwa mbili ili uhesabu na ya upande wa pili. Ukipata 4-6-2, aina hiyo huitwa Pacific. 2-8-2 ni Mikado. Wafaransa na Wajerumani huhesabu ekseli badala ya magurudumu, kwa hiyo Pacific hiyo hiyo kwa Mfaransa ni 231. Usidhani kibao kimekosewa.

Ukubwa wa magurudumu yanayosukumwa ndio unaokuambia kazi ya injini. Gurudumu kubwa huenda mbali kwa kila mzunguko, hivyo ni la abiria na mwendo kasi. Dogo lina nguvu zaidi ya kuvuta, hivyo ni la mizigo na milima. Mallard, injini ya mvuke iliyofikia kilomita 203 kwa saa tarehe 3 Julai 1938 nchini Uingereza na sasa iko York, ina magurudumu ya kipenyo cha mita 2.03. Hata hivyo, kwa kasi ile yalikuwa yakizunguka karibu mara 9 kila sekunde, na beringi ya konrodi ya kati (chuma kinachopeleka msukumo wa pistoni kwenye magurudumu) ilipata joto kupita kiasi. Weka kando yake injini ya daraja la 59, yaani aina namba 59, ya reli za Afrika Mashariki: magurudumu ya mita 1.37 tu, lakini 16 yanasukumwa, na mashine nzima ina uzito wa tani 252.

Hiyo ya pili inastahili kutazamwa kwa muda mrefu. Mojawapo ya aina hiyo, Mount Gelai, namba 5918, imesimama katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni ya aina ya Garratt, yaani boila imening'inizwa katikati, na kila upande kuna seti yake ya silinda na magurudumu. Tangi la maji liko juu ya seti ya mbele. Mafuta na maji mengine viko juu ya ile ya nyuma. Ukichuchumaa utaona faida yake mara moja. Chini ya boila hakuna gurudumu linaloibana, hivyo waliweza kuifanya nene na kulipa tanuri, yaani chumba cha moto, kina cha kutosha, na mashine yote inajikunja kwenye kona. Kwa reli ya upana wa mita moja inayopanda milima, sioni mpango mwingine wa mvuke unaoshinda huo.

Ukiruhusiwa kupanda kwenye chumba cha dereva, usikimbilie kushika vishikio na kupigwa picha. Washa tochi, chungulia mlango wa tanuri. Ukutani mbele utaona matundu mengi: hayo ni mabomba ya kupitisha moshi wa moto katikati ya maji. Rocket ilikuwa na 25. Injini za baadaye zina mamia. Matundu makubwa ya juu, kama yapo, ni ya kuupasha mvuke mara ya pili. Mvuke uliokauka namna hiyo haugeuki maji upesi ndani ya silinda, na injini huokoa makaa na maji.

Elekeza tochi kwenye dari la tanuri utafute plagi za risasi, yaani vizibo vyenye madini ya risasi. Boila yenye presha ya baa 14 (baa ni kipimo cha presha) ina maji ya karibu nyuzi 198 za Selsiasi, ilhali risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Maji yakiwa juu ya dari, plagi haiwezi kuyeyuka hata moto uwake vipi. Yakishuka hadi dari likabaki wazi, risasi inayeyuka, mvuke unapiga ndani ya tanuri na wafanyakazi wanajua wako hatarini. Plagi ikipuuzwa, dari linalainika, linabonyea na boila inalipuka.

Ndiyo maana mbele ya macho ya dereva kuna vioo vya kupimia maji, kwa kawaida viwili, ili kimoja kikiziba kingine kiseme kweli. Kioo hudanganya mlimani. Injini ikipanda, maji hukimbilia nyuma kwenye tanuri na kioo kinaonyesha mengi. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji yale yale yanarudi mbele, na dari lililokuwa salama linaweza kubaki uchi. Mchochea moto aliyeijua njia yake alianza kuongeza maji kabla ya kilele.

Ukishuka, pitia vyuma vya ubavuni kwa macho ya karibu. Kwenye konrodi, kwenye vyuma vinavyounganisha magurudumu na kwenye mitambo ya vali utakuta namba zimegongwa kwa nyundo na muhuri. Mara nyingi si namba ya injini iliyo mbele yako. Karakana zilikuwa zikifungua injini kadhaa za aina moja na kurudishia kipuri kilichokuwa tayari, kwa hiyo injini moja inaweza kubeba viungo vya tatu au nne. Kibao cha maelezo hakisemi jambo hilo. Usigonge wala kuchokoa mabati yanayofunika boila: baadhi ya injini za zamani zilifungwa asibesto chini yake, na vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Kwenye injini yenye moto, utamu uko masikioni. Treni inapoanza kuondoka utaona mvuke ukipiga kwa nguvu pembeni, karibu na reli, kutoka chini ya silinda. Wengi hudhani ni mbwembwe. Silinda ikiwa baridi, mvuke wa kwanza hugeuka maji, na maji hayabanwi. Pistoni ikiyakuta inaweza kupasua kifuniko cha silinda. Dereva hufungua vali za chini ili yatoke, kisha huzifunga baada ya mizunguko michache. Hayo ni maji ya moto kabisa, basi usisimame mbele ya silinda wala ubavuni mwake, hata kama picha ni nzuri kutoka hapo.

Kisha sikiliza mapigo. Injini ya silinda mbili hupiga mara 4 kwa kila mzunguko wa gurudumu. Ya silinda tatu kwa kawaida mara 6. Kila pigo ni mvuke uliomaliza kazi ukirushwa juu kupitia dohani, na ukipita hapo unauvuta moshi kutoka kwenye mabomba, na moshi unavuta hewa mpya kupitia motoni. Injini ikikazana zaidi, moto wake unapulizwa zaidi, bila mtu kugusa kitu. Mimi naona hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika mashine hii.

Kwa mapigo hayo unaweza kujua kasi. Chukua gurudumu la kipenyo cha mita 1.5: mzunguko mmoja ni mita 4.7. Ukihesabu mapigo 40 kwa sekunde 10 kwenye injini ya silinda mbili, ni mizunguko 10, yaani mita 47, karibu kilomita 17 kwa saa. Mwendo ukizidi, mapigo huungana na hesabu haiwezekani. Utasikia pia sauti ikilainika baada ya dakika chache ingawa kasi inapanda. Dereva ameanza kukata mvuke mapema: badala ya kuusukuma ndani kwa karibu robo tatu ya safari ya pistoni, anauingiza mwanzoni tu, kisha anauacha utanuke wenyewe. Mapigo yakija ghafla mengi na ya haraka huku treni haiongezi mwendo, magurudumu yanateleza. Dereva atafunga mvuke, amwage mchanga kwenye reli, ajaribu upya.

Moshi mweusi mzito hupendwa na wapiga picha, lakini ni makaa yasiyoungua vizuri. Mchochea moto mzuri hutoa ukungu wa kijivu hafifu. Mara nyingine wanautengeneza mweusi makusudi kwa ajili ya wageni, na mimi siwalaumu.

Ukikata tiketi, uliza mlima uko upande gani. Injini hufanya kazi ikipanda. Ikishuka hujiachia kimya, na safari nzima ya kushuka huenda usisikie pigo hata moja. Kama nafasi ni ya upande mmoja tu, chukua ule wa kupanda. Behewa la kwanza ni la sauti. Behewa la mwisho ni la kuiona injini kwenye kona, mradi ukae upande wa ndani wa kona. Usitoe kichwa nje: mbali na nguzo na matawi, kuna chembe za makaa. Ikikuingia jichoni usifikiche, maana ina ncha. Osha kwa maji safi mengi. Funga dirisha kabla ya handaki. Nguo nyeupe acha nyumbani, na viatu viwe vya kufunika vidole, kwa kuwa sakafu za karakana zina oili.

Kwa picha, jua la chini la asubuhi au jioni hufika hadi kwenye magurudumu. La mchana huyaacha gizani. Injini nyeusi ikijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, huongeza mwanga, na mvuke mweupe unakuwa doa tupu. Punguza mwanga kidogo, au kwenye simu gusa sehemu ya mvuke kisha ushushe. Treni inayokuja inahitaji 1/500 ya sekunde au zaidi. Ukitaka magurudumu yaonekane yanazunguka, shuka hadi 1/30 na uifuate kwa kamera. Baridi na unyevu hutoa mawingu makubwa. Joto kavu huufuta mvuke upesi.

Watoto wazibwe masikio au wasimame mbali kidogo, kwa sababu vali ya usalama hufunguka bila onyo na ni kali kuliko honi. Tazameni pamoja mdomo wa vali ile: pale unapotoka, mvuke hauonekani, wingu jeupe huanza juu kidogo, ukishapoa. Kwa hiyo bomba lisilotoa kitu cha kuonekana linaweza kukuunguza. Ngazi za injini ni wima. Shuka kinyumenyume, uso ukielekea injini.

Mwisho, omba kuingia karakana, na kwa injini unayoipenda uliza muda wa boila yake unaisha mwaka gani. Nchini Marekani, baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia, boila lazima ifunguliwe na kukaguliwa upya. Uingereza kwa kawaida mzunguko ni wa miaka 10. Matengenezo hayo huchukua miaka, kwa hiyo injini inayokimbia leo inaweza kuwa vipande ukirudi. Kinyume chake pia hutokea: Big Boy namba 4014, injini kubwa ya mvuke iliyojengwa mwaka 1941, ilikaa makumbusho ya Pomona, California kwa zaidi ya miaka 50, ikachukuliwa na kampuni ya reli ya Union Pacific mwaka 2013 na kurudi njiani Mei 2019, ikichoma mafuta badala ya makaa. Ukiikuta boila imevuliwa mabati, tazama safu za boliti zinazoshikilia kuta mbili za tanuri zisisukumwe mbali na presha. Nyingi zina kitobo chembamba katikati ya kichwa. Kitobo kikitoa maji au mvuke, boliti hiyo imepasuka ndani, na mafundi wanajua ya kubadilisha.