Wasomaji Wanauliza: Bodaboda na siasa iliyokosekana

SWALI: Nasoma uzamili wa sayansi ya siasa, nalenga uhadhiri. Pendekezo langu la utafiti kuhusu waendesha bodaboda limerudishwa, msimamizi kaandika tu: "Siasa iko wapi?" Nirekebishe nini?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Bila shaka uliandika "changamoto", ukaorodhesha ajali, trafiki na kipato duni. Hiyo ni ripoti ya mradi. Tafuta nani anaamua na nani anatii. Kwa nini kijiwe kimoja kina umoja unaoweza kubishana na manispaa, na kingine chenye watu wa hali ileile hakina? Chukua vyote viwili. Kimoja peke yake hakikuonyeshi sababu.

Kwenye kipato ndipo wengi huharibu. Ukiuliza "unapata ngapi kwa siku?" utatajiwa fedha iliyopita mkononi. Ondoa kwanza hesabu ya bosi (fedha anayolipwa mwenye pikipiki), mafuta, matengenezo na mchango wa kijiwe, ndipo uandike. Uliza pia chombo ni cha nani. Wa hesabu analipa kila siku na pikipiki inabaki ya bosi. Wa mkataba analipa mpaka iwe yake. Ukiwachanganya, utapata wastani usiomhusu yeyote, na utapoteza dhana nzuri ya kupima: je, aliyebakiza miezi miwili kumaliza mkataba anathubutu kugoma?

Usimhoji mtu mbele ya wenzake, wala usikubali mwenyekiti wa kijiwe akuchagulie wa kuwahoji. Utaletewa wasemaji wake.

Kisha isome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 uone inamhesabu nani kuwa mwajiriwa. Siasa yako nyingine imelala humo.

SWALI: Historia ni lazima?
Msomaji huyohuyo

JIBU: Kurasa chache tu, ila ziwe na kazi. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1939 na 1947, kabla TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, halijaundwa mwaka 1955. Mwaka 1964 serikali ililivunja, ikaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi chini ya serikali. Kwa hiyo usiandike kwamba wafanyakazi wa huku hawajawahi kujipanga. Eleza nguvu ile ilikwenda wapi.

Kuhusu kibali cha utafiti: barua ya chuo hupitia mkoa, wilaya, kata hadi mtaa. Kama vijiwe vyako viko Temeke na Kinondoni, wilaya zote mbili zitajwe tangu mwanzo, la sivyo utarudishwa chuoni kuomba barua upya.