Maswali yenu ya shule: mitihani kila wiki mbili na ufaulu bado uko chini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya msingi mjini, shule ina watoto wengi kweli kweli. Miaka 3 sasa mji wetu uko mkiani matokeo ya darasa la mwisho. Afisa elimu akaleta mkakati, darasa la mwisho wafanye mtihani wa majaribio kila wiki 2, jumamosi waje, jioni wabaki, na walimu wazuri wote tuhamishiwe darasa hilo. Tumefanya yote. Mwaka wa kwanza tulipanda kidogo afu tukarudi palepale, walimu hoi watoto hoi. Sasa nimeambiwa mimi ndo niandike mkakati mpya. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana na kazi. Kuna kitu kwenye barua yako umekitaja ukapita, mimi nimekaa nacho siku nzima. Walimu wazuri wote wamehamishiwa darasa la mwisho. Sasa darasa la kwanza na la pili kabaki nani? Maana mtoto anayefeli mtihani wa mwisho hakuanza kufeli mwaka huo, aliachwa zamani sana, mara nyingi ni pale wenzake walipoanza kusoma maneno yeye bado anahangaika na silabi, na tangu hapo kila mwaka anapandishwa darasa na pengo lake hivohivo.

Nimeshakaa na mtoto wa namna hiyo. Kijana wa darasa la sita, mtulivu, daftari safi, mwandiko umenyooka. Nikachukua hadithi ya darasa la pili tusome wote, nikaweka kidole kwenye neno "wanakijiji", akasema "wanafunzi", haraka tu bila wasiwasi. Nikamwambia hebu tazama tena, akasema "wanawake". Yaani anashika ile "wana" ya mwanzo, iliyobaki anabuni. Miaka 6 ananakili kutoka ubaoni vizuri kabisa na hakuna mtu aliyewahi kumweka pembeni dakika 3 akamsikiliza anasoma. Mtoto huyu mpe mitihani ya majaribio 20, atakupa karatasi 20 za hovyo na wewe hutajua kitu chochote ambacho hukukijua jana.

Mitihani siyo mibaya jamani, shida ni tunavyoitumia. Chukua swali la 402 toa 178, mtoto kaandika 376. Wengi wetu tunaweka kosa tunasonga mbele, tunajumlisha alama, tunabandika matokeo ukutani, wiki 2 zijazo mtihani mwingine. Lakini itazame hiyo 376 vizuri, 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 4 toa 1 ni 3. Kumbe mtoto hajabahatisha, ana kanuni yake kabisa, kila mahali anatoa ndogo kwenye kubwa hajali ipi iko juu ipi iko chini. Ukiliona hilo una kazi ya siku mbili tatu, chukua vijiti, vifunge makumi makumi, fungua fungu moja mbele yake aone kukopa ni nini. Usipoliona ataibeba kanuni hiyo mpaka anamaliza shule. Kwa hiyo mimi ningekuwa wewe ningepunguza mitihani ibaki robo ya iliyopo, na kila mtihani ukiisha walimu wa somo hilo wanakaa, karatasi mezani, swali kwa swali, wangapi wamekosa hili, wamekosaje, nani atalirudia na siku gani. Kikao kisiishe bila hilo la mwisho.

Kuna mji nataka uuweke kwenye mkakati wako kama mfano kwa sababu wakubwa wakisikia "haiwezekani" wanatulia, wakiona mfano wanaamka. Unaitwa Sobral, uko jimbo la Ceará kaskazini mashariki mwa Brazil, sehemu ambayo siyo tajiri kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walipowapima watoto wao wakakuta karibu nusu ya wanaomaliza darasa la pili hawajui kusoma. Hawakukimbilia darasa la mwisho. Waliweka lengo moja ambalo hata mzazi asiyesoma analielewa, kila mtoto ajue kusoma akiwa bado mdogo. Wakuu wa shule wakaanza kuchujwa kwa uwezo badala ya kupewa nafasi kwa kujuana na wanasiasa, walimu wakapewa vifaa vya kufundishia na mafunzo ya mara kwa mara yanayohusu somo la wiki hiyo hiyo, na watoto wakawa wanasikilizwa wakisoma kwa sauti mbele ya mtu wa nje ya shule, mmoja mmoja. Mwaka 2005 kwenye kipimo cha taifa cha ubora wa elimu Sobral ilikuwa ya 1,366. Mwaka 2017 ikawa ya kwanza Brazil nzima, na Brazil ina miji na wilaya zaidi ya 5,000. Hesabu hiyo miaka tafadhali, umwambie na afisa elimu wako kwamba hii kazi haiishi msimu mmoja.

Utaniambia walimu hamna. Najua. India, kwenye miji ya Mumbai na Vadodara, kati ya 2001 na 2003 shirika la Pratham lilichukua wasichana wa mitaa ileile waliomaliza sekondari, wakapewa mafunzo mafupi, kila mmoja akawa anatoa darasani kama watoto 15 hadi 20 wa darasa la tatu na la nne walioachwa nyuma, anakaa nao saa 2 kwa siku ndani ya muda wa shule, anawafundisha kusoma na hesabu za mwanzo tu, silabasi ya darasa lao inasubiri. Watafiti walilinganisha na shule ambazo hazikupata msaidizi na ikaonekana wazi watoto waliokuwa chini kabisa ndo waliofaidika zaidi. Abhijit Banerjee na Esther Duflo walikuwa kwenye utafiti huo, na mwaka 2019 wao na Michael Kremer wakapata tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia yao ya kujaribu mambo namna hii kuhusu umaskini. Kinachonigusa mimi hapo ni hilo neno "ndani ya muda wa shule", hawakumchelewesha mtoto jioni akiwa amechoka na njaa.

Kwa hiyo mkakati wako uwe mfupi. Mwezi wa kwanza kila mtoto kuanzia darasa la pili hadi la mwisho anasikilizwa akisoma na anapewa hesabu nne tano mdomo kwa mdomo, mnaandika yuko wapi, herufi, silabi, neno, aya au hadithi. Afu saa moja kila siku shule nzima mnawapanga kwa kiwango siyo kwa darasa. Na mwalimu wako bora kuliko wote mrudishe darasa la kwanza, hili mtagombana sana lakini usiliachie.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mimi ni mwalimu mkuu, shule yangu mahudhurio ni 95% kila mwezi na ripoti nazituma, lakini ufaulu haupandi. Naona utoro kwetu siyo tatizo, au nakosea?

JIBU: Nzuri mwalimu mwenzangu. Nadhani wastani unakuficha. Tuchukue darasa moja la watoto 40. 95% maana yake kila siku wawili hawapo. Mwaka ukiwa na siku 180 za masomo hizo ni siku 360 zilizokosekana. Zikigawanyika sawa kila mtoto kakosa siku 9, hamna neno. Lakini hazigawanyiki sawa hata siku moja, wewe mwenyewe unawajua kwa majina. Zikiwa ni za watoto 8 tu basi kila mmoja kakosa siku 45, robo ya mwaka mzima, na ripoti yako bado inasoma 95%.

Shule nyingi za Marekani siku hizi zinamhesabu mtoto mmoja mmoja, akikosa 10% ya siku, kwa sababu yoyote ile hata ya ugonjwa, anaingia kwenye orodha ya wa kufuatiliwa. Kwa siku 180 ni siku 18, yaani siku 2 kwa mwezi, kidogo hivo. Chicago walienda mbali zaidi, watafiti wa chuo kikuu cha Chicago waligundua kwamba mwanafunzi anayemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari bila kurundika masomo aliyofeli anao uwezekano wa kuhitimu kama mara 3 na nusu ya yule aliyeteleza mwaka huo. Shule zikaanza kupewa orodha za majina mapema, waliomaliza mwaka wa kwanza bila kurundika masomo ya kufeli wakapanda kutoka 57% mwaka 2007 hadi 82% mwaka 2013.

Kaa na rejista jioni moja, toa majina. Afu nenda ukaulize, usipeleke barua ya onyo kwanza. Utakuta mmoja familia imehama chumba na shule imekuwa mbali, mwingine anabaki na mdogo wake mama akienda kazini, mwingine ana sare moja tu na ikilowa haji. Kila moja ina dawa yake na zote tatu tunaziita utoro.

SWALI: Mwalimu pole na majukumu. Mimi mama wa mtoto wa darasa la pili, darasani wako 78. Nikienda shule naambiwa tatizo ni wingi wa watoto, nisubiri serikali. Kweli wingi ndo tatizo? Na mimi nifanye nini huku nasubiri?

JIBU: Ahsante mama. Ndiyo, wingi ni tatizo, hasa kwa wadogo. Jimbo la Tennessee huko Marekani, kuanzia 1985 walichukua watoto zaidi ya 11,000 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine madarasa ya 13 hadi 17, wengine 22 hadi 25, na wale wa madarasa madogo wakafanya vizuri zaidi, faida ikiwa kubwa kwa watoto weusi na wa familia maskini. Lakini California walipopunguza madarasa haraka haraka mwaka 1996 ilibidi waajiri walimu wengi wasio na sifa, na shule za watoto maskini ndo zilizoumia. Kwa hiyo darasa dogo na mwalimu anayejua kazi, viende pamoja.

Huku unasubiri, ukimwona mwalimu usimuulize "mwanangu wa ngapi", muulize mwanangu anaweza kusoma nini peke yake bila kusaidiwa. Asipokuwa na jibu usimkasirikie, ana watoto 78, mwombe tu amsikilize wiki hiyo. Na nyumbani kila jioni dakika 10 akusomee kwa sauti, kitabu chochote, na kama wewe kusoma kunakupa shida kaa tu karibu umsikilize au mwite dada yake mkubwa. Akikwama kwenye neno usimtajie haraka, mwache alikatekate silabi kwa silabi mpaka alifikie.