Maswali na majibu: kikomo cha viambatisho kazini

Swali: Tumeweka kikomo cha MB 25 kwenye seva ya barua pepe, lakini faili la MB 20 linakataliwa. Seva ni mbovu?

Jibu: Seva yako ni nzima. Inachopima ni ujumbe mzima unavyosafiri, wala si faili unaloliona kwenye kompyuta. Barua pepe iliundwa kubeba maandishi, kwa hiyo picha au PDF hugeuzwa kwanza kuwa herufi kwa utaratibu wa Base64: kila baiti 3 huwa 4. Ukiongeza mikato ya mistari, faili huvimba kwa takriban asilimia 37. MB 20 zako zimefika seva zikiwa zaidi ya 27. Ukitaka watu watume faili la MB 25, weka kikomo cha 35, na uwatangazie wafanyakazi ile 25, kwa sababu ndiyo wanayoiona wao.

Swali: Mkurugenzi anataka kikomo kiondolewe kabisa. Tumjibu nini?

Jibu: Mwelezeni kuwa mpokeaji naye ana kikomo chake. Halafu mpigieni hesabu: faili la MB 40 likitumwa kwa wafanyakazi 50, na kila kikasha kikahifadhi nakala yake, hizo ni GB 2 kwa barua moja, bado nakala rudufu.

Ila msiishie kwenye kukataa, na hapa nasisitiza. Mfanyakazi aliyezuiwa, na kazi inadaiwa leo, atatuma kupitia akaunti yake binafsi, na nyaraka za ofisi zitakuwa zimetoka mikononi mwenu. Kabla ya kubana kikomo, andaeni hifadhi ya pamoja ambako faili linapakiwa na mpokeaji anatumiwa kiungo. Kiungo kinaweza kuwekewa tarehe ya mwisho na kufutwa kikienda kwa mtu asiyehusika. Kiambatisho kikishatoka hakirudi.

Swali: Nimepandisha kikomo cha Postfix, programu inayoendesha seva yetu ya barua pepe, hadi MB 35, barua bado zinagoma. Nimekosea wapi?

Jibu: Kinachotawala ni kikomo kidogo kuliko vyote njiani. Kagua kichujio cha barua taka, kisha ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari: ukiwa umeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, upload_max_filesize (kikomo cha faili linalopakiwa) huanzia MB 2 tu. Ungana na kila seva unayoisimamia, tuma amri ya EHLO (salamu ambayo seva huijibu kwa kutaja uwezo wake), usome namba inayofuata neno SIZE. Hicho ndicho kikomo inachokitangaza, kwa baiti. Angalia pia kwenye Postfix mailbox_size_limit (kikomo cha faili la kikasha), isiwe ndogo kuliko message_size_limit (kikomo cha ujumbe mmoja).

Swali: Idara ya usanifu ipewe kikomo cha juu kuliko wengine?

Jibu: Kwa barua za ndani, sawa. Kwa wateja wa nje haitawafaa sana, kwani michoro itakwama upande wa pili. Wafundisheni kutumia kiungo.