Shahidi aliona nini hasa? Majibu kwa wasomaji

Tangu nigusie saikolojia ya mahakama, yaani elimu ya akili inapotumika katika kesi na ushahidi, maswali hayajakatika. Nimechukua matano.

Elimu hii ilianza na wale wanaosoma akili ya muuaji, kama kwenye filamu? (Msomaji, Tanga)

Hapana, hao walikuja baadaye sana. Ilianza na swali la mvua na jua. Mwaka 1893, pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwanasaikolojia James McKeen Cattell aliwauliza wanafunzi 56: wiki moja iliyopita, hali ya hewa ilikuwaje? Huyu mvua, yule theluji, mwingine anga jeupe. Na siku ni hiyohiyo, mji huohuo. Aliwataka pia waseme wana uhakika kiasi gani, akakuta waliokosea bila chembe ya shaka.

Kuna kisa cha bastola darasani. Kweli au porojo? (Mwalimu, Morogoro)

Kweli tupu. Ni Berlin, 1901, darasa la sheria la Profesa Franz von Liszt. Mjadala unaendelea, mwanafunzi mmoja anachomekea habari za maadili ya Kikristo, mwenzake anafoka kwamba hilo havumilii. Wanakaribiana, matusi, bastola inatolewa, profesa anakimbilia kuwaamua. Kumbe mchezo umepangwa! Wenzao ambao hawakudokezwa wakatakiwa waeleze waliyoyaona.

Mwanasaikolojia William Stern alipochambua maelezo yao, hakupata hata moja lisilo na kosa. Wapo waliowalisha maneno watu waliokaa kimya. Na makosa yalizidi kuanzia pale joto lilipopanda, yaani sehemu ileile ambayo mahakama humbana shahidi aikumbuke vizuri. Hao ni wanasheria watarajiwa, si wapita njia.

Nani alikuwa mtaalamu wa kwanza kutoa ushahidi wa namna hii? (Msomaji, Mombasa)

Anayetajwa mara nyingi ni Albert von Schrenck-Notzing, daktari wa Munich, katika kesi ya mauaji ya mwaka 1896. Magazeti yalikuwa yameiandika kesi ile hadi mashahidi wakachanganya waliyoyaona na waliyoyasoma. Daktari akaieleza mahakama hivyo. Mshtakiwa alitiwa hatiani vilevile.

Mawakili walilipokeaje jambo hili? (Mwanafunzi wa sheria, Mwanza)

Kwa kejeli. Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyefundisha Harvard, alitoa kitabu mwaka 1908 akiwasuta wanasheria kwa kuipuuza saikolojia. Ninachompendea ni kwamba alianza na aibu yake mwenyewe. Nyumba yake iliibwa, akala kiapo na kueleza kuwa wezi walipitia dirisha la chini na saa kubwa waliifunga kwa karatasi. Baadaye ikabainika walivunja mlango, na saa ilifungwa kwa kitambaa cha meza. Profesa wa saikolojia, hana sababu ya kudanganya, na bado!

Mwaka uliofuata John Wigmore, gwiji wa sheria ya ushahidi, alimjibu kwa kutunga kesi ya kubuni: mawakili wanamshtaki Münsterberg kwa kuwachafulia jina, naye anashindwa na kutakiwa kulipa dola moja. Ndani ya mzaha huo kulikuwa na hoja nzito: hizo mbinu za kutumia mahakamani ziko wapi? Nadhani Wigmore alimzidi. Münsterberg alipigia debe bidhaa ambayo haijaiva.

Na huku kwetu, mahakama zinajali haya? (Msomaji, Dodoma)

Zinajali, ingawa kwa njia yao. Katika uamuzi wa mwaka 1980 ambao mawakili wanaunukuu hadi leo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, usitegemewe hadi uwezekano wa kukosea uondolewe. Ndiyo maana shahidi anayesema "nilimwona usiku" huulizwa: alimtazama kwa muda gani, kutoka umbali gani, mwanga ulikuwaje, na alikuwa akimfahamu kabla? Akijibu tu kwamba taa ilikuwa inawaka, wakili wa utetezi atataka kujua ni taa gani, ilikuwa wapi, na mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani.