Kituo kinaapa hakigusi sauti, mbona tangazo linatupigia kelele?

SWALI: Shikamoo mzee. Watoto wakishalala huwa natazama tamthilia, sauti naiweka 12 tu. Wahusika wakianza kunong'ona naongeza kidogo. Mara linaingia tangazo la sabuni, nyumba nzima inatikisika na mdogo anaamka analia. Shemeji yangu anasema vituo vinaongeza sauti makusudi. Nikawaandikia kituo, wakanijibu hawagusi kitu. Nani mkweli?
Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa kubembeleza. Kituo hakijakudanganya, na masikio yako yako sawa. Kelele ile haitengenezwi kituoni, inatengenezwa studio, na mimi ni mmoja wa waliolipwa kuitengeneza.

Sauti ya televisheni ina kikomo, ikikipita inakwaruza. Tamthilia na tangazo vyote hugota palepale. Ila tamthilia hufika juu kwa nadra: mlango umebamizwa, mama mkwe kafoka. Muda uliobaki ni mazungumzo ya chini, hatua za miguu, ukimya. Tangazo halishuki tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Chukua magunia mawili ya mkaa yenye urefu mmoja, moja limeshindiliwa, jingine limejaa mapengo. Ukiyatazama yako sawa, ukiyabeba utajua. Vipimo vya zamani vya sauti vilitazama urefu, yaani vilele. Sikio linabeba uzito.

Kushindilia kwenyewe sisi tunaita kubana sauti. Msomaji akitamka "sabuni mpya", "bu" hutoka na nguvu na "mpya" hufifia. Kompresa, yaani kifaa cha kubana sauti, inaikandamiza ile "bu", halafu unainua kila kitu kwa pamoja. Sasa "mpya" inatoka kwa nguvu ileile, na hata pumzi aliyovuta kabla ya kusema "jipatie leo" inasikika. Unaongeza ukali kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000, ambako sikio la binadamu ni jepesi kuliko kwingine, kisha unatandika muziki usioacha hata upenyo. Ukidhani umemaliza, mteja aliyesimama nyuma ya kiti chako anauliza, "Mbona la wenzetu linasikika zaidi?" Unabana tena. Huyo mwenzao naye kesho yuko studio na malalamiko yaleyale.

Marekani walichoka wakatunga sheria. Mbunge wa California, Anna Eshoo, aliupeleka muswada, Rais Obama akausaini Desemba 2010, na utekelezaji ukaanza Desemba 2012: wastani wa sauti ya tangazo usizidi ule wa kipindi kinacholibeba. Wasingeweza kudai hivyo bila kipimo, nacho kilikwisha kutolewa mwaka 2006 na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Kinapima namna sikio linavyosikia, si vilele peke yake. Ulaya nao, kupitia umoja wao wa watangazaji, wakapanga kiwango chao mwaka 2010.

Mafundi hatukukosa ujanja. Ukiambiwa wastani, unamfanya msichana aongee kwa sauti ya chini mwanzoni, kisha unafungulia ngoma mwishoni. Hesabu inatoka safi, mtazamaji anaruka kitini. Ndiyo maana kwa matangazo mafupi Ulaya waliongeza masharti ya kuweka kikomo cha sauti hata kwa vipande vya sekunde chache.

Sasa, usiku huu ufanyeje? Kuna mkono wako pia humo, mama. Uliongeza sauti ili usikie mnong'ono, na tangazo likaja likakuta rimoti imeshapandishwa. Televisheni hizi bapa zinachangia, maana spika zake ni ndogo na nyingi zimetazama chini au ukutani, kwa hiyo maneno yanapotea kabla ya kukufikia. Fungua menyu ya sauti utafute kipengele cha kusawazisha sauti au cha kusikiliza usiku. Kwa kweli nacho ni kompresa ileile, safari hii inafanya kazi upande wako: inainua mnong'ono na kukandamiza tangazo. Muziki wa tamthilia utapoa kidogo, lakini mtoto atalala. Usipokiona kwenye televisheni, angalia kwenye king'amuzi, baadhi vinacho. Na kama tamthilia yako ina maandishi chini, soma wanaponong'ona, rimoti uiache mezani.